Madam Rwamba na Maua ya Julai

Madam Gladys Rwamba Mbaka, fundi wa maabara wa shule yetu, anastaafu rasmi tarehe 31 Julai 2025, baada ya kuitumikia shule hii kwa miaka thelathini na mitatu na karibu miezi mitatu. Alianza kazi Jumatatu, tarehe 4 Mei 1992. Tangu siku hiyo shule imekuwa na walimu wakuu saba, mabasi mawili na jiko lililohamishwa mara tatu. Fundi wa maabara amebaki yuleyule.

Kwa hesabu hiyo amepitia Julai thelathini na nne za Timau. Tunaitaja Julai makusudi. Kila aliyesoma hapa anaijua: ukungu unaoshuka kutoka mlimani na kukaa juu ya mabweni hadi saa nne, upepo wa mashamba ya ngano unaopenya chini ya milango, maji ya kunawa ambayo mtu huyatazama kwanza kabla ya kuyagusa. Madam Rwamba hakuzaliwa kwa ajili ya hali hiyo. Alizaliwa Kiritiri, kwenye joto na mbuzi, mahali ambapo sweta ni kitu cha kumvalisha mtoto mchanga.

Alifika na sweta moja. Julai ile ya kwanza vidole vyake vilikufa ganzi kiasi kwamba hakuweza kushika neli ya majaribio bila kuiangusha. Bwana Mwaniki, aliyekuwa mpishi wetu, alimwonea huruma, akawa anampa viazi viwili vya moto kila asubuhi, si vya kula, bali vya kutia mifukoni. Wanafunzi wa wakati huo walidhani mfanyakazi mpya ni mlafi. Mmoja wao, ambaye sasa ni mzazi hapa, ametuambia kwamba walimwita Madam Waru kwa muhula mzima, kwa kuwa waru ndiyo viazi, na kwamba anaomba msamaha kupitia ukurasa huu.

Madam mwenyewe amekiri kwamba mwaka ule alikuwa ameamua kumaliza muhula na kurudi kwao. Kilichomchosha zaidi ya baridi ni rangi. Alisema kila kitu kilikuwa kijivu, mbingu na ardhi na hata kuku. Kisha Jumapili moja, nyuma ya tangi la maji, alikuta shina moja la pareto lililosalia kutoka siku ambazo uwanja wetu ulikuwa shamba. Lilikuwa limechanua, maua sita meupe yenye kitovu cha njano, na juu ya majani yake kulikuwa na sakitu, yaani umande ulioganda. Watu wa hapa waliona pareto kuwa zao la kukausha na kupeleka kwenye chama cha ushirika. Yeye aliliona ua. Alichuma moja, akalitia kwenye neli ya majaribio yenye maji, akaliweka kwenye dirisha la maabara. Ua lile lilikaa siku kumi na mbili. Barua ya kuacha kazi haikuandikwa.

Tangu hapo alianza kutafuta. Alinunua daftari la kurasa tisini na sita, akaliandika juu "Yanayochanua Julai", na kila alipoona ua la baridi kando ya barabara au kwenye boma la mtu, aliandika jina lake, tarehe, na upande ambao jua lililipiga kwanza. Ukisoma daftari hilo leo utakuta jeraniamu, deizi, kanesheni zilizotupwa na mashamba makubwa ya maua, mayungiyungi meupe ya mtoni, na yale maua makavu ya mlimani ambayo hukwaruza kama karatasi na hayafi hata yakichumwa. Utakuta pia vitu ambavyo si maua: "sakitu juu ya kabichi, saa moja na robo, inang'aa kuliko sukari." Hilo aliliandika mwaka 1993, na hatujui alikuwa akimwandikia nani.

Kazi yake rasmi, tusisahau, ilikuwa maabara. Hapo hakuna mwenye neno baya. Chupa zake zote zilikuwa na vibandiko vilivyoandikwa kwa mkono uliosimama wima. Alimfahamu aliyevunja bika kwa jinsi alivyokaa kimya kupita kiasi. Alitufundisha kunusa gesi kwa kuipepea kuelekea puani, si kuinamia chupa, na waliomdharau walilia machozi ya amonia mbele ya darasa zima. Katika miaka yote hiyo hakuna mwanafunzi aliyeumia vibaya katika maabara yake. Walimu wa sayansi waliofika hapa wakiwa vijana wamekubali mbele yetu kwamba nusu ya kazi walifundishwa na yeye, kwa upole, mlango ukiwa umefungwa ili wasiaibike.

Mwaka 1994 shule ilipata kituo kidogo cha hali ya hewa, na kikakabidhiwa kwake. Ni kile kiwanja kilichozungushiwa waya nyuma ya nyumba za wafanyakazi: kisanduku cheupe cha mbao chenye matundu, kipimio cha mvua, na kipimajoto kinacholazwa juu ya nyasi fupi ili kusoma baridi ya ardhini. Wakulima wa karibu walianza kumuuliza habari za sakitu. Basi akaweka utaratibu. Kila jioni ya msimu wa baridi, saa kumi na mbili, aliangalia kipimajoto cha nyasi. Kama mbingu ilikuwa wazi, upepo umetulia na namba imeshuka chini ya tano, alitundika kitambaa chekundu juu ya tangi la shule. Mkulima aliyekiona alijua kwamba lazima aamke alfajiri, afungue maji ya kunyunyizia, na kuosha sakitu kwenye majani kabla jua halijaigusa. Sakitu ikioshwa mapema, kiazi hupona. Jua likiitangulia, jani huwa jeusi kabla ya chai ya saa nne.

Wakati huohuo bustani yake ilikuwa ikikua, na ndipo hadithi zake zinapoanza.

Ile ya Julai 1998 ingali inasimuliwa kanisani. Mayungiyungi yake yalikuwa yamefunguka yote kwa pamoja. Aliyapanga katika mikebe kumi na mitano mbele ya mlango wake, kwa kuwa hapo ndipo jua la asubuhi hufika, kisha akajifunga kitambaa kichwani kwa sababu ya baridi na kuingia ndani. Mtu aliyekuwa akitoka sokoni aliona maua meupe yamepangwa mstari, mlango umefungwa, mapazia yameshushwa. Kufikia saa sita, akina mama wa kanisa walikuwa langoni na sukari, unga, majani ya chai na mzigo wa kuni, wakiimba. Madam alidhani wamekuja kubariki nyumba. Aliwakaribisha, akapika chai, akaimba nao hadi ubeti wa tatu, kisha akauliza kwa heshima ni nani aliyefariki. Walitazamana. Kila mmoja alidhani mwenzake anajua. Bwana Mwaniki, aliyekuwa amepita na sufuria yake, alisema matanga yasiyo na maiti ndiyo mazuri kuliko yote, na sukari haikurudi ilikotoka. Mmoja wa akina mama hao aliondoka na miche mitatu chini ya kanga. Huo ulikuwa mwanzo wa bustani ya kwanza ya maua nje ya shule.

Na kuna desturi yake ambayo sisi sote tumeipitia. Kila Julai aliwachukua wanafunzi wa kidato cha kwanza, wale waliokuwa wakililia nyumbani, akawatembeza kwenye bustani. Kila mmoja alitakiwa kutafuta kitu kizuri ambacho mwenzake hajakiona. Ukisema "ua lile jekundu" alikuambia limeshatajwa, tafuta tena. Mtu alilazimika kuinama. Ndipo ulipoona matone ya umande kwenye utando wa buibui, moyo wa kabichi wenye rangi ya zambarau, kipepeo aliyeganda akisubiri jua limpashe moto. Wengi wetu tulianza kuipenda shule hii tukiwa tumechuchumaa.

Sasa tufike mwaka 2011. Madam alipoulizwa kama jambo hili liandikwe au liachwe, alisema kwamba likiachwa basi wasifu huu usisomwe. Kwa hiyo tunaliandika.

Shida ya bustani yake ilikuwa mbuzi. Mbuzi wa majirani waliingia shuleni kila siku na kula chochote kilichokuwa na rangi. Mahali pekee penye waya imara palikuwa kile kiwanja cha hali ya hewa. Madam alianza kwa kupanda kanesheni chache pembeni mwa waya, kwa ndani. Zilipona. Akaongeza jeraniamu. Mwishoni mwa Juni 2008 aliweka mapipa manane ya maji, akayapaka rangi nyeusi, akayapanga katikati ya maua. Pipa jeusi hunywa jua mchana kutwa na kulirudisha polepole baada ya jua kutua. Maua yake yakawa hayajui baridi. Pipa la karibu zaidi lilikuwa hatua moja na nusu kutoka kwa kipimajoto cha nyasi.

Kwa miaka mitatu hakuna aliyeona tatizo. Julai hizo zilikuwa na mawingu, na sakitu haikuja kwa nguvu. Kisha ikafika jioni moja ya Julai 2011, mbingu wazi bila wingu. Madam alitazama kipimajoto saa kumi na mbili. Kilisoma nane. Alikitazama mara mbili, akaandika nane, na kitambaa chekundu kikabaki kabatini.

Asubuhi mashamba kumi na moja yalikuwa meusi. Shamba lililoumia kuliko yote lilikuwa la Mzee Kailemia, jirani yetu wa upande wa chini, ambaye wengi humwita Baba Nkirote kwa jina la bintiye mkubwa. Ekari yake nzima ya viazi ilikuwa imechanua juma lile. Ilikuwa chakula cha nyumba yake na mbegu za msimu uliofuata. Aliamka saa yake ya kawaida, kwa kuwa hakuona kitambaa, na akakuta majani yamelala chini kama yaliyomwagiwa maji ya moto.

Watu walipopita karibu na shule waliona jambo la pili. Katikati ya weusi wote ule, bustani ya Madam Rwamba ilikuwa imesimama. Kanesheni nyekundu, jeraniamu za waridi, hakuna hata petali iliyoguswa.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Ilisemwa kwamba alijua, akafunika yake na kunyamaza. Kanisani benchi aliyokalia ilibaki na nafasi pande zote mbili. Sokoni aliomba viazi vya kilo mbili, na mama aliyemuuzia kwa miaka kumi na saba akamjibu bila kuinua macho: "Viazi hakuna, Madam. Pika maua." Wengine walicheka. Mzee Kailemia aliacha tu kumsalimu, na kwa mtu aliyekuwa akisimama wayani kila asubuhi kuuliza namba ya siku, hilo lilionekana na wote.

Madam mwenyewe hakuelewa. Alikuwa na hakika kwamba alisoma nane. Kwanza alikishuku kipimajoto. Alikipeleka maabara, akakitia kwenye barafu inayoyeyuka pamoja na kingine kipya. Vyote viwili vilisoma sifuri sawasawa. Kisha akalaza kimoja mahali pake katikati ya maua na kingine katikati ya uwanja wa mpira. Jioni iliyofuata alisoma vyote. Cha bustanini kilikuwa juu kwa digrii nne na nusu. Alirudia jioni ya pili na ya tatu, na tofauti ikabaki pale pale. Kipimajoto kilikuwa kizima. Kilikuwa kimelazwa mahali ambapo palikuwa na joto, na joto hilo alilileta yeye.

Hapo palikuwa na njia rahisi. Mwalimu mkuu wa wakati huo, mtu mwema aliyemjali, alimwambia mapipa yanaweza kuondolewa kimya kimya siku ya mapumziko. Msimu ungepita na watu wangesahau. Akisema, shule ingeweza kunyang'anywa kituo, naye angewapa watu sababu ya kumchukia ambayo mpaka hapo ilikuwa uvumi tu. Yote hayo yalikuwa kweli. Madam alimshukuru, kisha akaenda kwa chifu kuomba nafasi katika baraza la Alhamisi.

Alifika na daftari la vipimo chini ya kwapa na kipimajoto kimoja katika kila mkono. Waliokuwepo wanasema sauti yake ilikuwa ndogo, na mtu wa nyuma alipaza sauti akimtaka aongeze. Akaongeza.

"Kipimajoto hakikukosea. Mimi ndiye niliyekipandia maua na kukizungushia mapipa ya maji, kikawa kinalala mahali penye joto kuliko mashamba yenu. Jioni ile kilisoma nane. Kwenu haikufika nne. Sikujua. Lakini kujua ndiyo iliyokuwa kazi yangu."

Kulikuwa na minong'ono. Mtu mmoja alisema kituo kipelekwe kwingine, mwingine akasema mwanamke wa nchi ya joto hakupaswa kupewa kazi ya kupima baridi tangu mwanzo, na kuna waliopiga makofi. Madam alikaa kwenye mstari wa mbele, ambapo hapakuwa na mtu mwingine. Ndipo Mzee Kailemia alipoinuka. Hakuwa amemsemesha kwa siku tisa.

"Hayo mapipa, Madam. Yalikuwa na maji tu?"

"Maji tu, Baba Nkirote."

"Na maua hayakuguswa."

"Hata moja halikuguswa."

"Basi usiyang'oe kabla sijaja kuyaona," Mzee akasema, akaketi.

Alikuja siku iliyofuata. Hakukubali chai. Alipima nafasi kati ya pipa na pipa kwa nyayo zake, akashika maji kwa mkono jua lilipokuwa likitua, akauliza rangi ilinunuliwa wapi. Kabla ya kuondoka alimwambia wazi kwamba viazi vyake havitarudi, na kwamba hakuja kumsamehe, alikuja kuangalia mapipa. Madam amesema jibu hilo lilimpa nguvu kuliko maneno yote ya faraja aliyopewa mwezi ule, kwa kuwa lilikuwa sahihi.

Baada ya hapo alifanya mambo mawili. Aling'oa bustani yote iliyokuwa ndani ya waya, shina kwa shina, na kuihamishia nyuma ya nyumba yake, kwenye ukuta unaotazama mashariki. Kile kiwanja kikabaki nyasi tupu, hatua ishirini kila upande. Kisha akachukua kalamu nyekundu na daftari la vipimo, akapiga mstari juu ya usomaji wote wa kipimajoto cha nyasi wa miezi thelathini na saba. Kando ya kila ukurasa aliandika sababu na kutia sahihi. Tumeziona kurasa hizo. Mstari haukuficha namba, bado zinasomeka. Ila mtu yeyote atakayezifungua, hata miaka hamsini ijayo, ataambiwa asizitegemee, na ataambiwa ni nani aliyekosea. Alituma barua ya maelezo kwa ofisi ya hali ya hewa. Jibu lilikuwa fupi: aendelee na kazi, na asipande kitu.

Msimu uliofuata Mzee Kailemia aliweka mapipa manne meusi katika kitalu chake cha kabichi na vitunguu, akayafunika pamoja na miche kwa magunia usiku wa baridi kali. Sakitu ilipokuja, miche ya jirani iliungua na yake ikabaki. Ekari nzima ya viazi haiwezi kulindwa na mapipa, na Madam amekuwa akilisema hilo kila mara ili mtu asidanganyike. Kitalu kinaweza, na bustani ya nyuma ya nyumba pia. Jirani alimwiga Mzee, na mwingine akamwiga jirani. Wasiokuwa na mapipa walitumia mitungi ya mafuta ya kupikia iliyopakwa masizi. Na kwa kuwa kando ya pipa hubaki nafasi yenye joto isiyotosha kabichi, akina mama walianza kuijaza maua.

Tembea leo kutoka lango la shule hadi mtoni, mwezi huuhuu wa Julai, ukungu ukiwa bado juu ya paa. Tumehesabu maboma ishirini na matatu yenye pipa jeusi, na kumi na tisa kati yake yana kitu kilichochanua. Mama wa pale sokoni, yule aliyemwambia apike maua, ana kanesheni za rangi tatu. Huwauzia watu wa harusi, na mwaka juzi alimletea Madam shada bila kueleza ni la nini.

Kitambaa chekundu kiliendelea kutundikwa. Tangu mwaka 2011 sakitu imekuja bila onyo mara moja tu, mwaka 2017, upepo ulipotulia ghafla baada ya saa sita usiku. Hiyo nayo ameiandika. Mwaka jana mtafiti kutoka chuo kikuu alikuja kunakili vipimo vya miaka thelathini, akapendekeza ile miezi iliyofutwa ijazwe kwa makadirio ili jedwali lipendeze. Madam alikataa kwa adabu. Nafasi ile ikabaki wazi, na mtafiti alipoaga alituambia kwamba kwa sababu ya nafasi hiyo ameziamini zilizobaki zote.

Kamati ya sherehe iliiomba Klabu ya Hali ya Hewa iandike wasifu huu, na mengi tuliyoyaandika tumeyapata kwa waliokuwepo na kwa madaftari yake mwenyewe. Lakini jambo la mwisho limetokea juma hili.

Sherehe ya leo, Ijumaa tarehe 25 Julai, imepangwa kuanza saa tatu asubuhi. Waliopanga hawakukumbuka kwamba saa tatu ndiyo saa ya kusoma vipimo vya asubuhi. Madam aliposikia, aliomba aruhusiwe kutoka kwa dakika tano. Mwalimu Mkuu alikataa, kwa kuwa mgeni wa heshima hawezi kuondoka kwenye meza kuu. Sisi wa klabu tulijitolea, kisha tukabishana ni nani, kwa sababu kila mmoja alitaka aketi amwone akipewa zawadi.

Jumatano Mzee Kailemia alileta gunia la viazi vya sherehe. Ana miaka sabini na minne sasa. Baada ya lile baraza alirudi kwenye desturi yake ya kusimama wayani kila asubuhi kuuliza namba. Madam alimfundisha kusoma vyombo vyote, na mara nyingi alimnyooshea kalamu ili aandike yeye. Kwa miaka kumi na minne amekuwa akikataa. Alisema kuangalia ataangalia, lakini lile daftari ni la mwenye kubeba lawama yake.

Alitusikia tukibishana. Akatua gunia.

"Mwacheni akae kwenye kiti chake," akasema. "Nipeni hiyo kalamu. Nitaandika mimi."

Kwa hiyo, wageni wetu, mkiona kiti kitupu katika mstari wa pili wakati wa maombi ya kufungua, msimtafute Mzee Kailemia. Yuko nyuma ya nyumba za wafanyakazi, ameinama juu ya nyasi. Tutamsubiri kabla ya hotuba ya kwanza. Akirudi ataitaja namba ya leo mbele yetu sote, na wewe, Madam, utaisikia ukiwa umeketi.

Bodi ya shule, walimu, wafanyakazi wenzako, wazazi, majirani wa upande wa juu na wa chini, na wanafunzi wa miaka thelathini na mitatu wanakushukuru. Nenda Kiritiri ukaote jua ulilotukopesha. Tunakuombea afya, siku ndefu, na bustani isiyofikiwa na mbuzi.